Cheti Kidogo Kina Mdhamini Gani? Mhadhara kuhusu ujuzi unaovuka mpaka

   

Nimeombwa nizungumzie vyeti vidogo vya ujuzi: namna ya kuhakikisha ubora wake, na namna nchi moja inavyoweza kuvitambua vilivyotolewa na nchi nyingine. Kwa cheti kidogo nina maana ya hati anayopewa mtu baada ya mafunzo mafupi ya siku, wiki au miezi michache, au baada ya kupimwa tu, ikishuhudia kwamba anaweza kazi fulani mahususi: kuchomelea bomba, kutengeneza jokofu la samaki, kutunza hesabu za chama cha ushirika kwa kompyuta, kumhudumia mtalii aliyeumia porini. New Zealand ilianza kuviingiza vyeti vya namna hii katika mfumo wake wa taifa mwaka 2018. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa pendekezo la maana moja ya neno hilo kwa dunia nzima, na tarehe 16 Juni mwaka huohuo Baraza la Umoja wa Ulaya likapitisha pendekezo lake kwa nchi wanachama. Mjadala, basi, ni wa dunia. Mimi nataka kuuleta Sirari, kwenye geti letu la kuingilia Kenya, kwa sababu naamini hapo ndipo utakapopata jibu au utakapokwama. Dai langu ni hili: cheti kidogo kitavuka mpaka kwa kadiri tu ya uaminifu wa mamlaka inayokidhamini, na sisi wa Afrika Mashariki tumeanza kujenga uaminifu huo kutoka juu, tukamsahau fundi aliye chini.

Hoja ya kwanza: kitu chenyewe si kigeni kwetu. Vyeti vidogo havikuletwa Afrika Mashariki na intaneti. Waliopitia gereji na karakana wanayakumbuka majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, ambayo mtu aliyafanya akiwa kazini. VETA, mamlaka yetu ya mafunzo ya ufundi stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, haifundishi tu. Imekuwa pia ikiwapima mafundi waliojifunza kwa kuangalia na kushika, wasiowahi kuketi darasani, na kuwapa cheti wanaofaulu. Serikali inauita mpango huo urasimishaji wa ujuzi, na umeingizwa katika Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ng'ambo ya Sirari, Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo Viwandani ya Kenya, NITA, huwapima mafundi kwa gredi. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Uganda ilibuni hati yenye sura ya pasipoti, pasi ya mfanyakazi, inayoorodhesha kazi ambazo mwenyewe amethibitishwa kuziweza. Nchi tatu zinazolizunguka ziwa moja zimefikia wazo lilelile, kila moja kwa njia yake. Kinachokosekana ni daraja la mafundi kati yao.

Sasa angalieni daraja lilijengwa wapi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilisainiwa Arusha tarehe 20 Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kifungu chake cha 11 kinazitaka nchi wanachama kutambua sifa za kitaaluma na za kitaalamu zilizopatikana katika nchi nyingine. Tangu hapo wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wamefikia makubaliano ya kutambuana. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, limeandaa mfumo wa tuzo za elimu ya juu, uliopitishwa mwaka 2015, na mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi wakaitangaza Jumuiya ya Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Hata mkataba wa UNESCO kwa nchi za Afrika, uliopitishwa palepale Arusha mwezi Desemba 1981 na kuandikwa upya Addis Ababa mwaka 2014, unahusu elimu ya juu. Sibezi hata moja kati ya kazi hizi. Lakini mhandisi anayesimamia ujenzi ana makubaliano yanayomlinda, na mchomeleaji anayeziunga nondo za jengo hilohilo hana. Wanaovuka Sirari kutafuta kibarua wengi wao ni wa kundi la pili.

Hoja ya pili ndiyo moyo wa mhadhara huu, na nawaomba mnivumilie nikikaa hapo. Watu wengi hudhani kutambua cheti ni kukitazama chenyewe: karatasi nzuri, mhuri, jina la chuo, idadi ya masomo. Hapa Musoma tuna sababu ya kujua vinginevyo. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya sangara vilisimama kando ya ziwa hili, hapa na Mwanza, na Kisumu, na Uganda, na soko lao kubwa lilikuwa Ulaya. Mwaka 1997 baadhi ya shehena zilikutwa na vimelea vya salmonela. Mwishoni mwa mwaka huo, kipindupindu kilipoenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wetu. Mwaka 1999 zikaja habari za watu wanaovua kwa sumu, ukazuia tena. Mnakumbuka viwanda vilivyonyamaza na mitumbwi iliyokosa wa kumuuzia. Ulaya haikudai kila pande la mnofu lipimwe na mtu wake. Ilizitaka nchi zetu, kila moja, zitaje mamlaka yenye dhamana: yenye sheria, wakaguzi, maabara na uwezo wa kukifunga kiwanda kinachokosea. Tanzania ikaimarisha ukaguzi wake, na maabara ya taifa ya ubora wa samaki ikawa Nyegezi, Mwanza.

Sehemu ya kisa hicho inayotuhusu zaidi leo ni namna soko lilivyofunguliwa. Halikufunguliwa kwa ziwa zima kwa mara moja. Lilifunguliwa kwa nchi moja moja, kadiri ukaguzi wa kila nchi ulivyoaminika, na Kenya ikasubiri zaidi ya Tanzania na Uganda. Sangara hajui mpaka. Anayevuliwa upande wetu ni ndugu wa anayevuliwa upande wa Migori, Kenya. Maji ni yaleyale, samaki ni yuleyule, lakini mmoja aliruhusiwa na mwingine akakataliwa. Tofauti ilikuwa kwa anayemdhamini. Nadhani hakuna mfano ulio wazi kuliko huu wa maana ya kutambua ubora kuvuka mpaka: aliyetambuliwa ni mkaguzi, na samaki akapita kwa jina la mkaguzi.

Tuuhamishe mfano huo kwa fundi. Mwenye karakana Isebania, ng'ambo ya Sirari, hawezi kusafiri kuja Musoma kukagua namna kijana alivyofundishwa kuchomelea. Anachohitaji kujua ni kwamba yuko mtu upande huu mwenye kipimo kinachojulikana, asiyelipwa na chuo kilichofundisha, na aliyewahi kusema hapana. Jambo la mwisho ndilo tunalolisahau. Mamlaka isiyomkatalia mtu cheti haina cha kumwambia jirani. Kama kila aliyelipa ada ya wiki mbili anaondoka na cheti, hicho ni stakabadhi ya malipo. Kwa hiyo ninapendekeza kila chombo kinachotoa vyeti vidogo kichapishe kila mwaka idadi ya waliopimwa na idadi ya walioshindwa. Itawauma wengine wetu tunaoendesha vyuo. Hata hivyo, ni bei ndogo kwa heshima itakayomfuata aliyefaulu.

Na kwa bidhaa, misingi hiyo tayari ni sheria. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora, vipimo na upimaji inataka bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi mwanachama, iliyotangazwa rasmi, ipokelewe katika nchi nyingine bila kupimwa upya. Sabuni yenye alama ya TBS, shirika letu la viwango, ina haki ya kuingia Kenya kwa msingi wa alama hiyo. Sisemi mambo yamenyooka. Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa hati ya kuthibitisha kiwango cha sumu hiyo. Tukio lile linafundisha mambo mawili kwa pamoja: sheria peke yake haishikilii pale imani inapolegea, na imani ikilegea, dawa yake ni kipimo ambacho pande zote mbili zinakikubali. Kama tumeweza kuyafikiria haya kwa sabuni na mahindi, sioni sababu ya kumwacha binadamu mwenye ujuzi nje ya fikra hizohizo.

Hoja ya tatu inahusu maneno yaliyomo ndani ya cheti. Vyeti vingi vya mafunzo mafupi husema jina la mtu, jina la kozi na tarehe, basi. Vingine huongeza saa au krediti, na hapo ndipo mtu hupotea. Kwa utaratibu wetu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Katika vyuo vikuu vya Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30. Kozi ya krediti 3 hapa ni saa 30. Msomaji wa Ulaya anaweza kudhani ni 75 au 90. Hakuna aliyedanganya, lakini mmoja amefahamu kisichokuwepo. Na hata saa zenyewe hupima muda uliotumika, hazipimi kilichoingia mkononi. Cheti kidogo kinatakiwa kiseme mwenyewe anaweza kufanya nini, amepimwaje, nani alimpima, kwa kipimo cha nani, na katika ngazi ipi ya mfumo wa tuzo wa nchi yake. Mambo matano, ukurasa mmoja.

Nyongeza yangu hapo ni lugha. Wakurya wanaishi pande zote mbili za mpaka, Tarime huku na Kuria kule Migori, na mwenye duka la vyuma Isebania na fundi wa Tarime wanapatana bei kwa Kiswahili. Kwa nini ukurasa unaoeleza ujuzi wa huyo fundi uandikwe kwa lugha ambayo mwajiri wake atalazimika kuiombea tafsiri? Ukurasa wa Kiswahili, wenye majina ya zana na kazi kama mafundi wanavyoyataja, ukae pamoja na ule wa Kiingereza kwa ajili ya ofisi. Kwa wenzangu wa vyuo vikuu mnaohofia kwamba istilahi zetu hazijatosha: fundi anazo tayari. Kazi yetu ni kwenda kuziuliza na kuziandika.

Hoja ya nne, fupi: daftari. Tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma, Rais Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Zoezi lile liliwezekana kwa sababu Baraza la Mitihani, NECTA, lina kumbukumbu za kulinganisha nazo. Mtu akileta cheti cha kidato cha nne, daftari lipo. Sasa jiulizeni daftari la vyeti vya wiki mbili liko wapi. Limetawanyika katika mafaili ya miradi, na mradi ukifungwa, hufungwa nalo. Wapo wanaosema teknolojia imemaliza tatizo hili, kwamba kila cheti kiwekewe alama ya kuchanganua kwa simu. Alama hiyo ni nzuri, na naiunga mkono. Lakini inathibitisha tu kwamba cheti kimetoka kwa aliyekitoa. Haisemi kama aliyekitoa anajua kupima. Anayepima vibaya, akiwekewa alama ya simu, atakuwa anatoa vyeti vibaya visivyoghushiwa.

Nimesikia mapingamizi, na baadhi yana uzito. Lipo la kwamba vyeti vidogo vitashusha hadhi ya stashahada na shahada. Sikubaliani nalo, ila nakubali hofu iliyo ndani yake: kwamba mwajiri atamtaka mtu mwenye vipande vitano vya ujuzi badala ya mtu aliyejengwa kikamilifu, na kwamba serikali itaona vipande ni rahisi, iache kujenga vyuo. Hilo linazuilika kwa kuamua mapema ni vipande vipi vinaweza kuunganishwa kuwa tuzo kubwa, na vipi vitabaki peke yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imeupa mkondo wa amali nafasi yake shuleni. Kijana atakayetoka huko akaongeza cheti kimoja kila mwaka anastahili njia ya kupanda, siyo mkusanyiko wa karatasi kwenye bahasha.

Pingamizi la ajira ni zito zaidi, na anayelitoa hapa mkoani Mara si mtu mbaya: anaogopa kwamba tukitambua vyeti vya jirani, jirani atachukua kazi za vijana wetu. Kwanza, kutambua ujuzi na kutoa kibali cha kazi ni mambo mawili. Kusema kwamba mtu anajua kuchomelea hakumpi ruhusa ya kuishi na kuajiriwa; ruhusa hiyo ina sheria zake, na ahadi ambazo nchi ziliweka katika majedwali ya Itifaki kuhusu wafanyakazi zimewalenga zaidi wataalamu. Pili, watu wanavuka sasa hivi. Anayevuka bila hati ya ujuzi anavuka akiwa kibarua wa bei ya chini kabisa, hata kama ni fundi wa miaka kumi, na bei yake inashusha ya wenyeji anaowakuta. Akiwa na hati inayoaminika, anadai ujira wa fundi. Kijana wetu aliyeko Migori anahitaji ulinzi huo kama anavyouhitaji kijana wa Migori aliyeko Musoma, na hatuwezi kuudai kwa ajili yake tukamnyima mwenzake.

Wengine huuliza kwa nini tusiwe na cheti kimoja cha Afrika Mashariki, tumalize. Tuliwahi kukikaribia. Kijana wa Butiama aliyesoma Mwisenge, hapa Musoma, kisha Tabora, alikwenda Makerere mwaka 1943 na akarudi na stashahada ya ualimu iliyompa kazi Tabora. Miaka ishirini baadaye, mwezi Juni 1963, Mwalimu Nyerere huyohuyo akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kwa shahada moja. Chuo hicho kilivunjwa mwaka 1970. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 NECTA ikaundwa kwa sheria. Sababu zake zilikuwa za haki: kila nchi ilitaka elimu yake ifuate malengo yake, na sisi tulikuwa na Elimu ya Kujitegemea tangu 1967. Sitamani tuyafute hayo. Cheti kimoja kinadai mtaala mmoja, na mtaala mmoja unadai siasa moja. Kutambuana kunadai machache kuliko hayo: tubaki na vyeti vyetu, tukubaliane juu ya wapimaji.

Limebaki la gharama. Ithibati ya programu ya shahada huchukua majalada na miezi. Kozi ya wiki mbili haiwezi kuubeba mzigo huo, na tukiilazimisha, itakufa au itajificha. Jawabu ni kuthibitisha chombo na wapimaji wake mara moja kwa kipindi cha miaka kadhaa, kisha kukagua sampuli ya kozi bila taarifa, kama wakaguzi wa samaki wanavyochukua sampuli badala ya kupasua kila samaki. Na tuazime desturi ya vyuo vikuu ya mtahini wa nje, ila tumshushe hadi karakana: mpimaji kutoka Migori au Kisumu aketi na wetu wakati mafundi wa Musoma wanapimwa, na wa Musoma aende kwao. Baada ya misimu michache wanafahamiana, wanajua nani mkali na nani mlegevu. Nauli ya mpimaji mmoja ni nafuu kuliko mikutano ya kuoanisha mitaala.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia kwa kazi iliyo mbele yetu. Ninapendekeza Mara ianze na fani tatu ambazo mpaka unazihitaji: ufundi wa majokofu na injini za boti kwa ajili ya ziwa, uchomeleaji kwa ajili ya migodi na ujenzi, na huduma kwa watalii kwa vijana wa Bunda wanaoishi jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, ambao wenzao wako upande wa Maasai Mara. Kila fani iandikiwe ukurasa wake wa mambo matano, kwa Kiswahili na Kiingereza. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, pale Butiama, kina walimu wanaoweza kuketi na mafundi kuuandika; VETA ina vipimo; NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, ina mamlaka ya kusema ukurasa huo uko ngazi gani. Ukishaandikwa, upelekwe ng'ambo ya Sirari kwa NITA na kwa waajiri wa Isebania, waseme wazi ni wapi hawaamini na kwa nini. Majibu yao, hata yakiwa makali, yaambatanishwe na ukurasa huo na kupelekwa kwenye makao ya Jumuiya Arusha, ili mazungumzo ya huko yaanze na fundi mwenye jina la fani, zana zake na mpimaji wake.

Walioleta orodha za fani zao nawaomba wazikabidhi kwa katibu kabla hatujaanza maswali.